Bastola iliyokataa kufungika, kutoka Kabambare mpaka Kasongo

KASONGO – Watu wakikimbia usiku, kila mmoja anashika kile ambacho mkono unafikia. Sufuria, jembe, nguo ya mtoto, redio, kadi ya mpiga kura. Familia nyingi zilizotoka upande wa Kabambare na kupokelewa na jamaa zao hapa Kasongo bado zinaweza kutaja, kimoja kimoja, vitu walivyobeba na vile walivyoacha. Lakini kuna kitu ambacho hakitajwi mbele ya wageni, hata kama kilifika ndani ya gunia la mihogo pamoja na vingine. Ni silaha ya marehemu.

Kwa familia moja, silaha hiyo ilikuwa bastola ya zamani, ile ya kuzunguka, yenye nafasi ya risasi sita. Ilikuwa ya baba mkwe. Yeye aliificha miaka mingi chini ya manyasi ya paa, akafa bila kueleza ilitoka wapi. Katika nyumba hiyo wengine wanasema ni ya wakati wa Wasimba, mwaka 1964. Wengine wanasema iliangushwa na askari waliopita wakikimbia mwaka 1996, ama katika vita vya 1998. Alama za kiwanda zimeliwa na kutu, kwa hiyo hakuna anayeweza kuwasuluhisha. Baada ya mzee, bastola ikawa ya mtoto wake. Huyo mtoto naye akafariki, ikabaki kwa mjane wake, mama wa watoto wanne, ambaye hakuwahi kuiomba.

Mama huyo aliifunga ndani ya kipande cha kitenge na mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya dari ya nyumba waliyopewa. Hakuwaambia wenye nyumba. Aliyejua ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, na ndiye aliyeishusha siku moja wakati mama yuko sokoni.

Shemeji alikuwa na sababu yake, na si sababu ya jambazi. Alitaka kurudi Kabambare kuangalia shamba. Mpunga ulikuwa unakomaa, na kila mkimbizi anajua kwamba mpunga usio na mwenyewe unavunwa na mwingine. Njia nayo anaijua: vizuizi, watu wenye silaha wasiovaa nguo ya jeshi, wengine wanaoivaa. Akafikiri kwamba mtu mwenye bastola kiunoni hapotezi kinga yake kirahisi. Shida ilikuwa moja tu. Bastola ilikataa kufungika.

Akaipeleka kwa fundi.

Fundi mwenyewe ni mzee wa miaka sitini na kitu, anatengeneza kinga na vyerehani chini ya mwembe, si mbali na soko. Vijana wanamwita Papa Fundi. Katika ujana wake alivuta mivukuto kwa mhunzi mmoja aliyekuwa anatengeneza bunduki za kuwinda, zile za risasi moja zinazofyatuliwa kwa bahati na dua. Kazi hiyo aliiacha zamani, tangu alipoona bomba la bunduki limepasuka na kumwachia mwindaji vidole viwili. Lakini watu hawasahau nani aliwahi kushika nini. Ndiyo maana shemeji alikuja kwake saa ya jioni, mfuko chini ya kwapa, akatoa salamu ndefu kuliko kawaida.

“Papa Fundi, hii kitu inakataa kufungika.”

Mzee hakuipokea. Kwanza alifukuza watoto waliokuwa wanangoja pumpu ya kinga. Halafu akamwambia mgeni aiweke chini juu ya gunia, mdomo ukielekea kwenye rundo la udongo nyuma ya nyumba, si kwenye njia wala kwenye ukuta wa jirani. Akauliza kama ina risasi.

“Iko tupu, Papa. Nimeangalia.”

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuiona kwa karibu, na ni bora iwe hivyo, bastola ya aina hii ina ngoma ndogo ya chuma yenye matundu sita. Kuna kitufe pembeni. Ukikisukuma, ngoma inatoka upande wa kushoto, imeshikwa na mkono mwembamba wa chuma kama mlango ulioshikwa na bawaba. Katikati ya ngoma kuna kifimbo, na nyuma yake kuna kipande chenye umbo la nyota. Ukisukuma kifimbo, nyota inanyanyuka na kutoa maganda yote kwa mara moja. Ukimaliza unairudisha ngoma ndani kwa kidole gumba, polepole, nayo inalia “tak” ndogo na kukaa.

Hii haikulia. Iliingia mpaka ikabaki nafasi ya unene wa ukucha, ikagoma. Shemeji alieleza kwamba alikwisha kuijaribu kwa kiganja, akaijaribu kwa kuirusha kwa ghafla kama wanavyofanya katika filamu, na mwisho akaigonga kidogo kwa mchi wa kutwangia. Hapo Papa Fundi alifumba macho kidogo. Filamu hizo za ukumbi wa video zimeharibu mengi, na ule mtindo wa kufunga ngoma kwa kutikisa mkono ni mmojawapo. Ukirudiwa, mkono mwembamba unaoshika ngoma unapinda. Hauvunjiki, unapinda tu, kiasi ambacho jicho halioni, na kuanzia siku hiyo ngoma haikai tena katikati.

Mzee alipiga magoti, akaangalia matundu moja moja bila kuigeuza bastola. Matatu yalikuwa tupu. Mawili yalikuwa na maganda yaliyokwisha kupigwa, kila moja na kishimo katikati ya kitako, pale nyundo ya bastola ilipogonga. Tundu la sita lilikuwa na risasi isiyo na kishimo.

Ilikuwa nzima. Na kitako chake kilikuwa kimebaki nje kuliko vingine, kama jino lililoota juu ya mengine. Ni hicho kilichokuwa kinazuia ngoma kurudi ndani, na ni hicho kilichogongwa na mchi.

Shemeji alikaa chini. Hakuna aliyemwambia akae.

Inafaa kusimama hapa kidogo, kwa sababu nchi hii na bastola ya risasi sita wanafahamiana tangu zamani. Mwezi wa Oktoba 1876 Stanley alikutana na Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip ambaye Kasongo ilikuja kuwa makao yake makubwa. Katika habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe kwa Kiswahili, Tippu Tip anasimulia jinsi mzungu alivyomwonyesha bunduki ya kutoa risasi nyingi kutoka bomba moja, naye hakusadiki. Akajibu kwa mzaha kwamba huko Lomami kuna upinde unaotupa mishale ishirini kwa pamoja. Stanley akatoka nje akafyatua, halafu akachukua bastola akafyatua mara sita. Waliokuwepo wakashangaa. Na baada ya kushangaa, Tippu Tip aliuliza swali la mtu anayejua kazi: risasi zinaingizwaje?

Miaka kumi na saba baadaye, tarehe 22 Aprili 1893, Kasongo ilianguka mikononi mwa jeshi la Dhanis, lililopigana kwa ajili ya mfalme wa Ubelgiji. Tangu hapo silaha zimepita hapa kwa mafungu mafungu, kila vita vikiacha zake ndani ya manyasi na chini ya vitanda. Kilichobaki nyuma ni lile swali la Tippu Tip, maana mtu aliyeirithi bastola mara nyingi hakurithi ujuzi wake. Anajua kwamba inaua. Hajui kwa nini inakataa.

Papa Fundi alisukuma kifimbo kwa kidole, taratibu. Maganda mawili yakadondoka kwenye gunia. Risasi nzima haikutoka. Hakuifuata kwa msumari, hakuichokoa kwa bisibisi, hakuimwagia mafuta. Aliondoa mkono wake, akasogea nyuma, akaanza kueleza akiwa amekaa juu ya kigoda, kama vile anavyomweleza mtu kwa nini gurudumu la kinga linayumba.

Ngoma ikikataa kufunga, alisema, kuna sababu ambazo ni uchafu tu. Chembe ya mchanga au baruti iliyoganda chini ya ile nyota inatosha kuinyanyua, na vitako vyote vya risasi vinabaki juu. Bastola iliyolala kwenye paa la manyasi miaka mingi ina zaidi ya chembe moja. Hii ilikuwa na udongo wa nyigu, wale wanaojenga vijumba vyao popote penye tundu. Mara nyingine ni kifimbo kimelegea katika nyuzi zake, kimekuwa kirefu kidogo, na ncha haiingii tena mahali pake. Mara nyingine ni ule mkono uliopinda. Na mara nyingine bastola haina kosa lolote, kosa ni la risasi: si ya kipimo chake, au imevimba kwa unyevunyevu, au kile kifuniko kidogo cha kuwashia kwenye kitako kimetokeza nje. Bila shaka mtu fulani, siku fulani, aliokota risasi akaona inaelekea kuingia, akaisukuma.

Sasa, ngoma ikiwa inazuiwa na uchafu, nguvu inaharibu chuma. Ikizuiwa na kitako cha risasi nzima, nguvu inafanya kazi ya nyundo. Kitako kinabanwa kwenye bamba la nyuma, na risasi haijui kama imebanwa na mpumbavu au imegongwa na mwindaji. Inaweza kulipuka wakati tundu lake bado halijaelekea kwenye bomba. Hapo hakuna njia ya risasi kutoka. Inatafuta yake, kwenye kiganja, kwenye uso.

“Na ukiifunga kwa tupa?” shemeji aliuliza. Alimaanisha kupunguza chuma kidogo, ikae. Aliongeza kwamba atalipa, na akataja faranga ambazo familia iliyokimbia haizipati kwa wiki mbili.

Mzee akasema tupa anayo, na mikono anayo. Lakini bastola ambayo mkono wake umepinda, hata ukiilazimisha ikalia “tak”, tundu halitazami bomba sawasawa. Ukifyatua, risasi inachunwa kwenye ukingo wa bomba, vipande vya risasi vinaruka pembeni kama cheche za mhunzi, vinamrudia aliyeishika na aliye karibu naye. Ukifyatua mara ya pili huenda bomba limekwisha kuziba. Akanyoosha mkono kana kwamba anahesabu vidole vyake, akaacha hapo.

Halafu akasema jambo ambalo halikuhusu chuma. Njia ya Kabambare, alisema, anaijua pia. Ukikutana na watu wa msituni wenye bunduki za kufululiza, wewe na bastola yako ya marehemu, watakuchukulia kama adui aliyekuja kupigana. Ukikutana na jeshi la serikali, watakuchukulia kama Mai-Mai. Ukikutana na wezi wa kawaida, umewaongezea kitu cha kuiba. Mtu mwenye jembe anaulizwa anatoka wapi. Mtu mwenye bastola pengine haulizwi.

Waliokuwa Salamabila na Namoya katika miaka ya mapigano kati ya Mai-Mai Malaika na FARDC hawahitaji kuelezwa maneno hayo. Huko vijana wengi walijifunza kwamba kati ya mpiganaji na mkulima kuna kitu kimoja tu kinachoonekana kwa mbali, nacho ni kile alichoshika.

Mama mjane alifika wakati giza linaingia. Alikuwa amerudi sokoni, akaona dari imeguswa, akajua. Hakupiga kelele. Alimsalimia Papa Fundi kwa heshima, akamwangalia shemeji yake muda mrefu, halafu akaangalia gunia. Alipoambiwa kuhusu tundu la sita, alishika kichwa. Mtoto wake wa tatu, wa miaka minane, alikuwa amegundua ule mfuko tangu wiki za kwanza. Mama alikwisha kumkuta mara moja anazungusha ngoma kwa kidole, akipenda sauti yake, trr, trr, trr. Alimpiga kofi, akauhamisha mfuko kwenye kona nyingine ya dari. Yeye pia alikuwa ameambiwa na marehemu kwamba iko tupu.

Kuanzia hapo shemeji hakuwa tena na neno juu ya shamba.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko chuma. Iende wapi? Shemeji akapendekeza choo. Mtu mwingine aliyepita, maana siku zote kuna anayepita, akasema mto. Papa Fundi alikataa yote mawili, na alikataa zaidi wazo la moto, ambalo pia lilitajwa. Risasi iliyotupwa motoni inalipuka bila kuchagua. Iliyotupwa mtoni inaonekana tena kiangazi, na anayeiona ni mtoto anayevua.

Sheria ya Kongo kuhusu silaha na risasi ni ile namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Silaha bila kibali ni kosa, na silaha haihami kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto kama kitanda. Watu wengi hawajui namba hiyo lakini wanaijua hofu yake. Kuingia kwenye kituo cha polisi na bastola ndani ya mfuko, hata kwa nia njema, ni safari ambayo mtu anaweza kuianza akiwa raia na kuimaliza akiwa mshitakiwa. Na mpango wa serikali wa kupokonya silaha, P-DDRCS, ulioundwa mwaka 2021, umefikiriwa kwa wapiganaji wanaotoka msituni. Kuna fomu ya mpiganaji anayejisalimisha. Mjane aliyeachiwa bastola na mkwe wake hana fomu, na hili ni pengo ambalo linawafanya watu wengi waendelee kulala chini ya dari zenye siri.

Mzee alishauri bastola isitembee tena. Iliyofika hapo ilifika kwa bahati, bahati isijaribiwe mara mbili. Ibaki juu ya gunia, ngoma ikiwa wazi, ndani ya kibanda chake cha vifaa, mlango umefungwa, na yeye alale mbele yake. Mama aende kwa shefu wa kata usiku huo huo, si na bastola bali na maneno, na asiende peke yake. Aende na imamu ambaye familia inasali kwake, na mwenye nyumba aliyewapokea, ambaye hapo ndipo alipoambiwa kwa mara ya kwanza kilichokuwa kinalala juu ya kichwa chake.

Mazungumzo na mwenye nyumba hayakuwa mafupi. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema angekuwa na haki pia ya kuwatoa. Mama hakujitetea. Alisema tu kwamba alipokimbia hakujua aiache wapi, kwa sababu kuiacha kijijini ilikuwa kuwapa wale waliokuwa wanawafukuza. Mwenye nyumba akanyamaza. Baadaye akavaa viatu.

Shefu wa kata aliandika karatasi: siku, saa, jina la aliyekuja kutoa habari, majina ya mashahidi, mahali silaha ilipo, na kwamba ina risasi moja iliyokwama. Asubuhi walikuja polisi wawili. Mmoja, kijana, alitaka kuifunga ngoma ili iingie vizuri kwenye begi lake. Papa Fundi alimshika kiwiko. Ni jambo ambalo hakuna raia anayelifanya kwa polisi Kasongo kwa kupenda, na wote waliokuwepo walilihisi. Mkubwa wake, mwenye mvi, akainama, akaangalia tundu la sita, akaagiza iletwe sanduku la mbao na mchanga. Wakaibeba hivyo, wazi, kama ndege aliyevunjika bawa, mtu mmoja akitangulia kuwaondoa watoto njiani.

Shemeji aliondoka Jumatatu iliyofuata, na kinga na jembe, pamoja na wanaume wengine watatu waliokuwa wanakwenda upande ule ule. Papa Fundi alikuwa amemkazia breki bila kumdai kitu. Katika kizuizi cha kwanza waliulizwa wanatoka wapi, wakatoa walichotozwa, wakapita.

Mama aliomba apewe nakala ya karatasi ya shefu. Ilichukua siku nne na safari tatu, kwa sababu mhuri ulikuwa umekwenda mahali. Alipoipata alimwita binti yake mkubwa, anayesoma darasa la sita, amsomee yote mpaka kwenye sahihi. Halafu akamwambia asome tena ile sehemu ya tundu la sita, na mtoto wa miaka minane akiwa amekaa mbele.

Karatasi iko pamoja na kadi ya mpiga kura, ndani ya kile kipande cha kitenge.